Sura ya 4: Maji Yanayong'aa

Anayetaka kujenga tangi la maonyesho hapa Mazimbu, Morogoro, huanza na swali lilelile: maji yatang'aa? Mtazamaji anapenda maji yanayong'aa, sikatai. Lakini amonia haina rangi, na samaki anaweza kufa katika maji yanayoonekana hadi chini. Wakifa, mwenye tangi husema ni jicho baya. Humwaga maji yote, husugua changarawe hadi iwe nyeupe, hutia chumvi kwa sababu jirani alimwambia chumvi hutibu kila kitu, na wiki inayofuata hutupa samaki wengine.

Alichosugua ndicho kilichowalinda. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria walioshika mawe huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu; kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia. Katika tangi jipya bakteria hawa huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa. Kwa hiyo ukubwa wa chujio, wanamokaa bakteria hawa, hupangwa kwa chakula cha siku, si kwa lita za tangi: kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 35 huleta takribani gramu 30 za nitrojeni ya amonia. Na usinisomee amonia bila pH. Maji yakiwa na nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Amonia ni ileile, hatari ni nyingine kabisa.

Nilipanga sasa nieleze pampu, kisha klorini. Pampu zitasubiri, maana siwezi kumpita chura wa Kihansi.

Chura huyu hafiki sentimita 3, huzaa watoto badala ya kutaga, na wanasayansi walimjua mwaka 1996 tu, katika korongo la mto Kihansi, Udzungwa. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mto haukuchafuka; manyunyu ndiyo yalikaribia kukoma. Mabomba yenye vinyunyizio yakatandazwa korongoni, yaani makazi ya asili yakaanza kuendeshwa kama tangi. Chura karibu 500 walipelekwa bustani ya Bronx, Marekani, na huko nako, pamoja na vifaa vyote, idadi ilishuka vibaya kabla ya kuimarika. Korongoni idadi yao ilianguka mwaka 2003. Kuvu inayoshambulia ngozi ya chura ilionekana, na 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 chura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wakaachiwa korongoni. Anayedhani kazi yetu ni kusafisha maji amjibu chura huyu: maji safi yalikuwepo, hayakumfikia kwa namna anayoyahitaji.

Klorini, basi. Maji ya bomba ya Morogoro hutoka zaidi bwawa la Mindu, linalopokea tope la Uluguru mvua zikianza, hivyo kipimo cha dawa hubadilika. Yapitishe kwanza kwenye tangi la akiba, yapigwe hewa, yapimwe. Ukiyaingiza moja kwa moja, klorini inaweza kuua bakteria wa chujio, na samaki nao wakafuata, maji yakiwa bado maangavu.