Steringi akifa mapema: usiku wa Psycho Nyakato

Kwa sisi tuliokulia vibanda umiza, sheria ni moja: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe ziwani, mwisho wa mkanda lazima arudi kulipiza. Sasa ukitaka kumshtua mwenzi wako aliyekulia sheria hiyo, muwekee Psycho, picha ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960.

Mimi nilimwekea mume wangu Jumamosi moja, hapa kwetu Nyakato. Sato wa kukaanga mezani, daladala za barabara ya Musoma zimeshapungua kelele. "Mama watoto, yaani picha haina hata rangi?" akanicheka. Baada ya dakika hamsini alikuwa hacheki tena.

Kisa chenyewe

Marion Crane (Janet Leigh) ni karani wa ofisi huko Phoenix, Marekani. Ana mpenzi wake, Sam, wanapendana kweli. Tatizo ni pesa: Sam analipa madeni aliyoachiwa na baba yake, pamoja na matunzo ya mke waliyeachana, basi ndoa inapigwa kalenda kila siku. Siku moja bosi anampa Marion dola 40,000 azipeleke benki. Anatoroka nazo.

Njiani mvua inamzidi, anaingia nyumba ya wageni yenye vyumba 12 na mgeni hata mmoja hakuna. Mwenyeji ni Norman Bates (Anthony Perkins), kijana mpole, ana haya, anaandaa sandwichi kwa mkono wake mwenyewe. Usiku huo Marion anajuta, anaamua kurudisha pesa. Anaingia bafuni kuoga. Kesho haioni.

Steringi kafa, na picha haijafika hata nusu!

Tukio lile halifiki dakika moja, lakini lilichukua kama wiki nzima kupigwa. Damu unayoiona ni sharubati ya chokoleti. Kisu chenyewe huoni kikichoma sawasawa. Ni vinanda vya Bernard Herrmann vinavyopiga kelele, na akili yako inamalizia. Janet Leigh mwenyewe alisema baadaye kwamba aliogopa kuoga bafu la mvua.

Umeme ukakatika

Hapo hapo giza! Nikamshika mkono. Akaniuliza taratibu, "Hivi Marion angemwambia Sam kwanza, si wangetafuta njia wote?"

Nilikosa jibu. Sio siri, nilikuwa na deni la kikoba, shilingi 600,000, nililochukua kumsaidia mdogo wangu. Miezi minne nilikuwa nalificha. Nikamwambia mle mle gizani. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Kumbe zile simu unazopokelea nje ni za deni? Mimi nilidhani una mtu."

Jamani! Mimi nilikuwa naficha deni, yeye alikuwa anaugulia usaliti.

Ya kuondoka nayo

Kwanza, pesa mzizungumze kabla hazijawa siri. Dola 40,000 au laki sita, siri inakula penzi vilevile.

Pili, upole wa mtu si cheti. Norman ana tabasamu zuri kuliko wote mle ndani. Dada, ukienda kukutana na mtu mgeni, mwambie shoga yako uko wapi.

Tatu, usitoke hapo ukamwita jirani anayeumwa akili "muuaji". Wengi wenye maradhi hayo hawamdhuru mtu. Wanahitaji tiba, na hapa Mwanza huduma ipo Bugando.

Umeme uliporudi tulimalizia picha. Mwisho sikusimulii, Hitchcock mwenyewe aliwaomba watazamaji wasiutoboe. Ila asubuhi mume wangu alioga mlango wazi, na Jumatatu simu ya kikoba ilipolia, niliipokea sebuleni, yeye akiwa pembeni yangu.