Porsche: kutoka mikono mitupu hadi ubingwa wa Safari Classic

Mashabiki wa mbio za magari mjini Mombasa, kuanzia Marikiti hadi Bamburi, wamezoea kuona magari ya kale aina ya Porsche 911 yakija Pwani kwa mashindano ya Safari Classic. Wasichokijua wengi ni kwamba gari hilo halikupata kushinda Safari Rally ya asili hata mara moja.

Si kwamba halikujaribu. Mwaka 1972, Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili nyuma ya Hannu Mikkola aliyeendesha Ford Escort. Miaka miwili baadaye, Björn Waldegård wa Uswidi alishindwa na Mkenya Joginder Singh wa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978, ilikuwa zamu ya Mkenya mwingine, Vic Preston Mdogo, kuridhika na nafasi ya pili akiwa na Porsche, Jean-Pierre Nicolas wa Peugeot 504 akinyakua taji.

Safari Classic ilianzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Hushirikisha magari ya kale yanayosukumwa na magurudumu mawili tu na ambayo injini zake hazina turbo. Hapo ndipo Porsche ilipolipiza kisasi. Waldegård alishinda nayo mwaka 2011, Stig Blomqvist akafuata mwaka 2015, na tangu hapo hadi mwaka 2023 hakuna gari la aina nyingine lililotwaa taji hilo.

Siri yake ni nini? Injini ya Porsche 911 imewekwa nyuma, juu ya magurudumu yanayolisukuma gari. Uzito huo huyakandamiza magurudumu ardhini, yasiteleze ovyo kwenye vumbi na matope. Isitoshe, injini hiyo hupozwa kwa hewa badala ya maji. Haina rejeta ya kutobolewa na mawe, wala dereva hana haja ya kuhofia maji kuchemka katika joto la Taita na Tsavo.

Sababu ya pili ni fedha na maandalizi. Kampuni ya Tuthill ya Uingereza imebobea katika kuyaunda upya magari haya, na huja nayo kwa wingi, pamoja na mafundi na vipuri. Gari likiharibika, fundi anayelijua na kipuri chake vi karibu.

Yapo mashindano yanayotumia gari la aina moja kwa makusudi. Porsche Carrera Cup ilianzishwa Ujerumani mwaka 1990, ikaenea hadi bara la Asia mwaka 2003 na baadaye nchi za Ghuba. Humo, kila dereva hupewa gari lililo sawa na la mwenzake, na alama hujumlishwa msimu mzima. Ni kama wauzaji wa Marikiti kulazimishwa kutumia pishi moja: anayeuza zaidi hawezi kushukiwa kipimo chake.

Safari Classic haina sharti hilo. Dereva yuko huru kuja na Datsun au Ford, lakini matokeo yanamwelekeza kwenye Porsche. Hatari yake ni kwamba kijana mwenye kipawa, asiye na uwezo wa kununua au kukodi gari hilo, huenda akashindwa kabla ya bendera kupungwa.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkenya Ian Duncan alishinda mwaka 2013 kwa Ford Capri, akawaacha nyuma wageni na Porsche zao. Mwaka 2023, Mkenya Baldev Chager alishinda, safari hii akiwa ndani ya Porsche. Wakenya hawa wawili wamethibitisha kwamba ujuzi wa njia zetu bado una thamani. Linalosalia ni kuona kama Mkenya mwingine ataweza kushinda bila gari hilo.