Makamu wa Rais na Kalamu Yake: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulimwona Jaramogi Oginga Odinga akijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, na mwaka uliofuata kitabu chake, Not Yet Uhuru, kikatoka. Mikutano ya chama chake cha KPU ilikuwa ikinyimwa vibali, naye akaona maneno yake yatafika kwa njia ya chapa. Ruth First, mwandishi kutoka Afrika Kusini, alimsaidia kuuhariri mswada. Leo tukiache Bondo nyuma yetu, tuvuke kinamasi cha Yala, tupite hapa Budalang'i hadi Funyula, kwa makamu wa rais mwingine ambaye hakuwa na haraka hiyo.

Moody Awori alizaliwa Butere mwaka 1927. Tawasifu yake, Riding on a Tiger, ilichapwa mwaka 2017, alipokuwa akitimiza miaka 90. Alikuwa amekaa nje ya siasa za uchaguzi kwa miaka kumi, tangu Paul Otuoma alipomshinda Funyula mwaka 2007. Mimi nauona muongo huo kuwa ndio uliomwezesha kuandika. Waziri huapa kutunza siri za baraza. Mbunge anayetaka kurudi bungeni hupima kila neno kwa kura zake. Aliyekwisha kushindwa, tena akakubali kwamba hatarudi, hana wa kumbembeleza.

Na alikuwa na mengi ya kusimulia. Baba yake, Kasisi Jeremiah Awori, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa ukasisi wa Kianglikana katika nchi hii ya magharibi. Kaka yake, W.W.W. Awori, alihariri gazeti la Kiswahili la Radio Posta, kisha akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria wakati wa ukoloni. Mdogo wao Aggrey alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, ng'ambo ya pili, na mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda dhidi ya Museveni. Miaka miwili baadaye Moody akawa makamu wa rais wa Kenya. Mtoto wa shule ya Port Victoria anayefundishwa kwamba mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki atakariri tarehe hiyo na kuisahau. Mwambie kwamba ndugu wa tumbo moja walitumikia dola mbili, naye atauelewa mpaka wa Busia maisha yake yote.

Mwanzo wa 2003 ulimletea Awori furaha na msiba kwa pamoja. Muungano wa NARC ulikuwa umeshinda uchaguzi, naye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo la vinara wake akateuliwa waziri wa mambo ya ndani. Januari 24, ndege iliyowabeba viongozi waliotoka kwenye sherehe nyumbani kwake ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja wa Busia. Waziri Ahmad Khalif alikufa, pamoja na marubani wawili. Agosti akafariki makamu wa rais, Kijana Wamalwa, na Septemba Awori akarithi kiti chake. Wafungwa wanamkumbuka kwa magodoro na televisheni walizoletewa gerezani. Jina lake lilitajwa pia katika sakata la Anglo Leasing, naye alikana kufanya kosa. Msomaji yeyote makini atakwenda kwanza kwenye miaka hiyo, na ana haki.

Lakini tukirudi hapa kwetu, nina uchungu. Peter Habenga Okondo, mbunge wetu na waziri wa kazi, alikuwa mtu wa kalamu: mwaka 1995 alitoa kitabu kizima cha ufafanuzi wa Katiba ya Kenya. Agosti 1990 alikuwa amemwonya hadharani Askofu Alexander Muge kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikuja, akahubiri, na Agosti 14 akafa barabarani akirudi Eldoret. Okondo akajiuzulu. Mtu aliyeweza kuichambua katiba kifungu kwa kifungu angeweza kutueleza kilichopita moyoni mwake wiki ile, na Budalang'i ingesoma kwa makini kuliko mahali popote.

Karatasi za wazee wetu hazingoji. Nzoia inapovunja kingo, watu hukimbiza watoto na mifugo kwanza. Sanduku la barua na picha hubaki chini ya kitanda. Kwa hiyo naziomba familia zilizofanya kazi na Okondo au na wenzake zipeleke nakala zao penye maktaba na ghala kavu, Busia au Kakamega, kabla ya mvua za masika. Sehemu ya tatu itaanza na waliompigia Okondo kampeni.