Prado ya zamani ama CX-5 ya dizeli? Hesabu za familia ya Laare kabla ya kutuma pesa

Kiangazi kikikaza na bei ya miraa ikipanda, ndio wakati familia nyingi za Igembe huanza kuzungumza juu ya gari. Pesa zinaingia kwa simu kila jioni, watoto wamechoka kubanwa kwa matatu, na mtu fulani ana "kitu safi" cha kuuza Maua. Mara nyingi mjadala huishia kwa magari mawili ya dizeli yanayokaribiana bei: Toyota Prado ya injini ya 3.0, ile ya umbo la 2002 hadi 2009, na Mazda CX-5 ya 2.2 ya kati ya 2012 na 2016. Moja ni kuukuu lakini ina jina. Nyingine ni changa zaidi, inang'aa, na inakula mafuta kidogo.

Tuseme mfuko wako ni shilingi 1,600,000, mko baba, mama na watoto watatu, na nyanya huja nanyi kanisani Jumapili. Tutapiga hesabu kwa familia hiyo. Sisi ni watu wa malipo, si mafundi, lakini pesa nyingi za gari hupotea kabla gari halijafika kwa fundi, kwa hivyo tutaongea juu ya yote mawili.

Jambo la kwanza: usitarajie kuagiza yoyote kati ya haya kutoka Japani. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo utanunua kwa Mkenya mwenzako, gari ambalo limeshapanda Nyambene ama limeshakaa kwa foleni za Nairobi miaka kadhaa. Historia yake ya hapa nyumbani ndiyo unayonunua, si cheti cha mnada wa Yokohama.

Safari zako ni ndefu ama fupi?

Watu huanza na swali la "gari gani ni ngumu?" Kwa dizeli, swali la kwanza ni umbali unaoenda kila mara unapowasha injini.

CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Mafundi wanaliita DPF. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo hujirudia kila baada ya kilomita mia kadhaa, na ili ikamilike inahitaji injini iliyopata moto na mwendo wa kutosha, dakika kumi na tano, ishirini hivi bila kuzima. Ukitoka Laare kwenda Nairobi, karibu kilomita 300, gari litafanya kazi hiyo njiani na hutajua lolote. Lakini kama safari zako ni kupeleka watoto shule, kurudi sokoni, kwenda shamba na kurudi, unazima gari kabla masizi hayajaisha. Linaanza upya kesho, unazima tena. Mafuta yale ya ziada mengine hushuka ndani ya oili ya injini na kuifanya nyepesi. Hapo ndipo tabo huanza kulia, na injini nzuri sana hufa kwa sababu ya safari fupi tu.

Prado nyingi za umbo hilo hazina chujio hilo. Zitavumilia Laare na Maua kila siku, tope la Aprili na Novemba, na barabara ya shamba iliyoliwa na mvua. Zina fremu kamili kama lori, giya ya chini ya kupandia, na viti vya safu ya tatu. Kumbuka CX-5 ni ya watu watano pekee kisheria. Nyanya akiingia, mko sita. Kwa familia yetu hii ya mfano, hilo si jambo dogo, na sijui kwa nini mabroka hulitaja mwisho kila mara.

Lakini usidanganyike kwamba Prado haiharibiki. Injini yake, 1KD, ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima: nozeli. Vile viringi vya shaba vinavyoziba chini ya nozeli vikichoka, moshi wa mlipuko hupenya na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito kama lami, inaziba kichujio kilicho chini ya injini, na tabo pamoja na beringi hukosa oili. Nozeli yenyewe ikianza kumwaga mafuta ovyo, pistoni inaweza kupasuka. Gari lililofika hapo bado linaweza kuwashwa vizuri asubuhi ya kuuzwa, hasa kama mwenyewe amelipasha moto kabla hujafika.

Sasa mafuta. Dizeli bei yake hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo tumia bei ya wiki yako; sisi tutachukua 170 kwa lita kama mfano. Tuseme Prado inaenda kilomita 10 kwa lita na CX-5 inaenda 14. Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, nyingi zikiwa za barabara kuu, Prado itakunywa lita 150 na CX-5 lita 107. Tofauti ni lita 43, yaani shilingi 7,310 kwa mwezi, karibu 87,700 kwa mwaka. Hiyo ni karo ya mtu.

Geuza hesabu uone. Kama unaendesha kilomita 600 pekee kwa mwezi, zote za karibu na nyumbani, CX-5 nayo itashuka, tuseme hadi 12 kwa lita. Prado lita 60, CX-5 lita 50. Umeokoa shilingi 1,700, na chujio linajaa. Kwa mtu huyo, ile faida ya mafuta anayoambiwa na broka haipo.

Uamuzi wetu, basi: anayepeleka mzigo ama kufuata biashara Meru mjini na Nairobi kila wiki, na watu wake ni watano, achukue CX-5 bila kuogopa jina. Anayezunguka Laare, Mutuati na Maua, mwenye shamba lililo ndani na watu zaidi ya watano, achukue Prado na akubali kulipia mafuta. Aliye katikati, na hasa yule ambaye hataki kushughulika na oili maalum, bado tungemwelekeza kwa Prado, lakini tu ikiwa imepimwa nozeli.

Kupima kabla ya kupenda

Nenda asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya moto, rudi kesho yake.

Kwa Prado, sikiliza ikiwaka: mgongano mkali kama nyundo ndogo na moshi mweupe unaouma macho ni dalili ya nozeli. Baada ya muda, fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu kama jiko la kuni, achana nayo ama punguza bei kwa kiasi kikubwa. Fundi aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari atazame marekebisho ya kila nozeli. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na risiti iko wapi. Kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi ambayo huwaka mkanda ukifika wakati wake, lakini mtu yeyote anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda. Kwa hivyo taa kutowaka haithibitishi lolote. Kabla hujakubaliana bei, piga simu Meru uulize nozeli nne mpya ni pesa ngapi, na uandike nambari hiyo kando ya bei ya gari.

Kwa CX-5, anza na kijiti cha kupimia oili. Juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine ya X. Oili ikikaribia X, dizeli imeingia kwenye oili, na unajua gari hilo limekuwa likiendeshwa vipi. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Chujio likiwa zima, kidole kinatoka karibu kisafi. Kikitoka cheusi tititi, huenda chujio limepasuka ama kuna fundi alilikata na kulitoa. Uliza oili gani inatumika: injini hii inataka oili ya majivu machache, iliyotengenezewa magari yenye chujio, na anayejaza oili yoyote ya dukani analiziba polepole. Mwisho angalia namba ya chesi: CX-5 iliyotoka Japani ikiwa dizeli huanza na KE2. Kuna watu wameuziwa ya petroli wakiambiwa ni dizeli, na wakajua kituoni.

Pesa ziende lini, na kwa nani

Broka wa gari ana sentensi moja anayoipenda: "Mama, kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Nkubu, tuma elfu hamsini nikushikie." Jibu ni rahisi na halina matusi: "Sawa kijana wangu, nipe kwanza namba ya gari nilitafute."

Ukishapata namba hiyo, ingia eCitizen, upande wa NTSA, uombe rekodi za gari. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chesi na ya injini, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Linganisha na gari lenyewe, namba kwa namba. Malipo ya eCitizen huenda kwa paybill 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Mtu akikupa "paybill ya NTSA" tofauti na hiyo, ama namba yake ya simu ili "akusaidie haraka", hapo umeshajua unaongea na nani. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kuna pia sajili ambapo wakopeshaji huandikisha magari waliyoyashika, na inaweza kutafutwa kupitia eCitizen. Gari lililowekwa rehani huuzwa kila siku kwa watu wasiotafuta.

Kisha kuna mipaka ya simu. Hapa Kenya, tangu Agosti 2023, mtumiaji wa M-Pesa anaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, na laini haiwezi kubeba zaidi ya 500,000. Piga hesabu ya milioni moja na laki sita: utatuma kwa siku nne. Usiku wa siku ya pili, milioni moja yako iko kwa mtu mwingine, na logibuku bado ina jina lake. Usijiweke hapo. Na ukishatuma kwa hiari yako kwa namba sahihi, ombi la kurudishiwa pesa halitakusaidia; huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, si ya aliyebadilisha mawazo ama aliyetapeliwa.

Simu itumie kwa pesa ndogo zinazotangulia: ada ya kutafuta rekodi, fundi, wakili, na arbuni kama ni lazima. Arbuni iwe ndogo, iende baada ya makubaliano kuandikwa na kutiwa sahihi, na jina linalotokea kwenye skrini kabla pesa hazijaenda lifanane na jina lililo kwenye rekodi za NTSA. Likiwa la broka, simamisha. Salio kubwa lipite benki, mkiwa pamoja, wakati muuzaji ameshaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake na wewe umeuona kwenye yako. Kama unauza gari lako la zamani ili kuongeza pesa, tazama salio lako, usitazame ujumbe. Ujumbe wa kughushi huandikwa vizuri siku hizi.

Wengine huwaza kumalizia bei kwa mkopo wa logibuku. Laare inakumbuka Machi 2020, Somalia ilipofunga mlango wa miraa hadi Julai 2022. Mkopeshaji hakufunga mlango wake miezi hiyo. Kama miraa ndiyo inayolipa, ni afadhali gari la bei ya chini lililolipwa lote.

Na usitumie mfuko wote kununua. Kwa 1,600,000, tafuta gari la 1,400,000 na ubaki na laki mbili za nozeli, mkanda, taya na oili ya mwanzo. Baada ya hapo weka 250 kwa siku kwenye akiba iliyofungwa ya simu: ni 7,500 kwa mwezi, karibu sawa na ile tofauti ya mafuta tuliyoiona. Kiangazi bei ikiwa juu, weka 400. Mvua ikinyesha na miraa ikijaa sokoni, shuka hadi 100, lakini usiruke siku.

Siku ya kulichukua gari, lipia bima kabla hujaliondoa uwanjani kwa muuzaji. Cheti siku hizi huja kwa simu ama barua pepe, kwa hivyo hakuna sababu ya kuendesha hadi Laare bila bima ukisema utalipia Jumatatu.