Unauza Mawe ya Zamani ya Mapambo? Yalambe Kwanza

Hii nimeiahidi muda mrefu, maana kila nikiposti mawe au mbao za zamani naulizwa inboksi, "Unayatoa wapi? Na mimi nataka kuanza." Nitasema ninapoyatoa. Ila naanza na siku niliyokula hasara, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia kazi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, masika yameanza. Mteja wangu wa Mbezi akanitumia picha. Kochi lake jeusi limejaa unga mweupe, na kwenye zulia kuna vipande vya jiwe. Chini ya picha kaandika: "Mdogo wangu, ukuta wako unanimwagikia."

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemuuzia mita 6 za mraba za jiwe la matumbawe, la kupamba ukuta wa sebuleni nyuma ya TV. Mawe yalitoka kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa Tanga, nikayakatisha kwa grenda yakawa vipande vya unene wa sentimita 3. Picha za ukuta ule ndizo zilizoniletea wateja kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia. Sasa fikiria presha. Watu wako inboksi wanataka "kama ule wa Mbezi", na ule wa Mbezi unamomonyoka.

Kwa ambaye hajui, nyumba za zamani za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Unguja mpaka Kilwa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hata chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Nyumba kama hiyo ikibomolewa kihalali, mawe mengi huishia kujaza msingi wa nyumba nyingine. Ukiyawahi, unayapata kwa bei ya kifusi.

Na wateja wapo. Watu wamechoka na vigae vinavyofanana nyumba hadi nyumba. Jiwe la matumbawe lina vitundu, lina mistari, wakati mwingine unakuta alama ya kombe iliyoganda humo. Hakuna mawili yanayofanana.

Sasa shida yake. Jiwe hili limejaa vitundu kama sponji, na limekaa miaka na miaka kwenye ukuta unaovuta unyevu wa ardhini na kupigwa upepo wa bahari. Chumvi imo ndani kabisa. Kukiwa kukavu unaweza usione kitu. Unyevu ukija chumvi inayeyuka, ukiondoka inaganda tena kuwa punje, na zile punje zinatafuta nafasi. Zinalipasua jiwe kutokea ndani, linatoa unga, baadaye linabanduka. Na sisi tulilisaidia kuharibika. Fundi wangu alibandika kwa saruji, halafu mimi mwenyewe nikasema tupake vanishi ili ling'ae kwenye picha. Unyevu ukakosa pa kutokea.

Hayo yote sikuyajua siku ile. Nilichukua kipande nikaenda nacho Bagamoyo kwa mzee mmoja anayekarabati nyumba za mawe. Nikamwamkia, nikampa kipande. Hata hakukiangalia sana. Akakivunja kwa nyundo, akalamba pale palipovunjika, akanipa.

"Lamba na wewe, mjukuu wangu."

Nikalamba. Chumvi tupu, kama nimelamba dagaa.

"Umemuuzia mtu bahari," akasema, akaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo kama unataka kuingia kwenye mawe, kipimo cha kwanza ni ulimi na hakina gharama. Lamba sehemu iliyovunjika upya, usilambe upande wenye rangi ya zamani (kwa nini, nitafika). Kisha mawe yaloweke kwenye maji baridi ya bomba. Mimi natumia mapipa ya lita 200. Namwaga maji kila baada ya siku mbili na kuweka mapya, na vipande vya sentimita 3 huwa vinanichukua wiki mbili. Kisima cha maji ya chumvi hakifai, utakuwa unacheza. Yakishatoka yakaushe kivulini, nyunyizia maji kidogo, yaache yakauke tena, uangalie kama yanatoa unga mweupe. Yakitoa, yanarudi pipani. Kwenye kukata, vaa barakoa na miwani, na mwagia maji wakati grenda inazunguka. Vumbi lile si la kuvuta.

Kubandika, yule mzee alituelekeza tutumie chokaa na mchanga badala ya saruji, na kwa kuwa ukuta wa mteja ni wa tofali za kisasa, kila jiwe likawekewa vishikizo vya chuma kisichoshika kutu. Usidharau uzito. Nilipopima, mita moja ya mraba ilikuwa inakaribia kilo 50. Mtu akikuambia ana ukuta wa jipsam anataka umbandikie mawe, mkatalie, hata kama pesa ameshatuma. Vanishi hakuna. Jiwe liachwe lipumue.

Hesabu ya ule mzigo iko hivi, naiweka wazi. Mawe, kukata na usafiri kutoka Tanga ilinitoka 360,000. Nilimuuzia mita 85,000, jumla 510,000, nikasherehekea faida ya 150,000. Kubandua na kubandika upya: fundi 140,000, usafiri kwenda na kurudi 60,000, chokaa na mchanga 35,000. Hiyo ni 235,000. Hasara 85,000, bei ya mita moja kamili, na bado sijahesabu wiki za kuloweka. Mteja hakunidai, lakini niligharamia mimi. Kuna waliosema ningemkaushia tu, mawe alishayapokea yakiwa mazima. Yale mawe niliyasifia mimi, ningemkaushiaje?

Nikaja kugundua pia kwamba mita 6 zilikuwa nyingi mno. Mteja akiona picha anataka ukuta mzima, na wewe unataka kuuza mita nyingi, mnakubaliana haraka. Ila sebule ya kawaida ya Dar ni ndogo. Jiwe zima ukuta mzima linafanya chumba kiwe kama handaki. Siku hizi nashauri kipande: kibaraza cha mlangoni, nguzo moja, au kidaka kimoja ukutani. Wazee wa Lamu walijaza vidaka kwenye kuta zao za ndani, safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vizuri. Kidaka kimoja chenye jiwe la zamani kuzunguka, ukuta uliobaki mweupe, taa ikimulika kwa pembeni ili vitundu vitoe kivuli, kinatosha. Mita moja na nusu, faida ndogo, lakini mteja anarudi kutaka rafu.

Rafu ndiyo inanileta kwenye mbao za vyombo. Jahazi au mashua ikishachoka, mbao zake zinauzwa, na zina kitu ambacho dukani hukipati: rangi juu ya rangi, matundu ya misumari, kijivu cha jua. Zinatoa vioo vizuri sana, rafu, meza ndogo za kahawa. Ila harufu! Vyombo vilikuwa vikipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Mbao zangu za kwanza niliziweka chumbani ninapolala. Paka wa mtaa mzima walihamia kwangu. Kaa nazo juani na upeponi wiki kadhaa, zisugue kwa maji ya sabuni, na kama harufu haitoki kabisa mwambie mteja atumie barazani. Pitisha sumaku kabla ya kukata, kwa sababu msumari mmoja uliojificha unakula diski nzima, au jicho.

Na ile rangi niliyosema usilambe: rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi. Mimi siisugui kwa msasa mkavu, na mbao yenye rangi ya zamani siiuzi kwa kitanda cha mtoto wala kitu cha jikoni, hata mteja akilia. Kwenye fremu ya kioo inayotundikwa juu, sawa, ikiwa haibanduki.

Kuna wanaozeesha mbao mpya. Unasugua kwa brashi ya waya, unapaka siki iliyolowekwa stiliwaya, inageuka kijivu kama imepigwa mvua miaka 20. Mimi mwenyewe nafanya, haina shida. Naandika "mbao mpya iliyozeeshwa" na bei ni nusu. Shida ni anayeandika "mbao ya jahazi la Kiarabu la miaka 200". Mteja mmoja akigeuza nyuma akakuta mhuri wa kiwanda cha mbao, umekwisha wewe na sisi wote tunaouza za kweli.

Sasa milango. Hapa nisikilize vizuri. Mwaka jana kuna mtu aliniletea fremu ya mlango wa nakshi, maua na minyororo imechongwa pembeni, bei ya kutupa. Nikatoa advansi 100,000, nikaiweka status. Ndani ya saa mbili mtu wa Dubai akauliza kama naweza kumsafirishia. Nikajiona nimetoboa. Bahati nilikwenda kwanza kuulizia utaratibu kwenye ofisi ya Mambo ya Kale. Kumbe huku Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Kukitoa nchini bila leseni ni kosa. Jengo la kabla ya mwaka 1863 nalo limo kwenye sheria hiyo, kwa hiyo mawe yake si kifusi cha kuokota. Wenzetu wa Kenya, sheria yao ya mwaka 2006 inasema hivyo hivyo kuhusu milango, ila mwaka wao ni kabla ya 1946, na wa kuwauliza ni Makumbusho ya Taifa. Zanzibar wana sheria na mamlaka yao, na Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001. Matumbawe nayo yamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo usimtumie mteja wa nje kipande cha tumbawe la baharini kwenye basha kama zawadi.

Nilifuta status. Yule mtu nilimuuliza fremu imetoka nyumba gani, akaanza kukasirika. Advansi yangu sijaiona mpaka leo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ule mlango najua ulitoka mahali, na huko kuna tundu.

Tangu hapo sinunui kitu bila jina la mwenye nyumba, picha ya nyumba kabla haijabomolewa, na barua ya serikali ya mtaa. Anayeshindwa kunipa hivyo vitatu, simfuati. Anayetaka mlango wa nakshi namwelekeza kwa wachongaji wanaochonga mipya, wapo, na kazi yao ni nzuri.

Picha: piga asubuhi au jioni, mwanga ukitokea pembeni. Jiwe lilowe na likauke, weka zote mbili, kwa sababu rangi inabadilika na watu wanasema umewabadilishia mzigo. Weka rula. Piga nyuma. Piga ufa. Maelezo yangu ya sasa yanasomeka hivi, mnaweza kuyachukua: "Jiwe la matumbawe, nyumba ya miaka ya hamsini, Tanga, imebomolewa na mwenyewe. Limelowekwa wiki mbili. Kilo 50 kwa mita. Ndani tu, si bafuni. Lina nyufa ndogo, angalia picha ya 4. Litaendelea kutoa vumbi kidogo miezi ya mwanzo." Nilidhani ile sentensi ya mwisho itafukuza watu. Wanaoisoma ndio wanaolipa bila kuomba punguzo.

Leo mapipa yangu mawili uani yako kwenye maji ya tatu. Wanaosubiri ni watano, mmoja ameghairi jana kasema anaenda kununua vigae. Yule wa Mbezi ukuta wake umepita vuli yote, ninamwomba picha kila mvua kubwa ikinyesha, mpaka juzi kanijibu, "Mdogo wangu, uko salama, niache nilale."