Mgongo Chini ya Gari

Gari letu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, lenye umri mkubwa kuliko wa kifungua mimba wetu. Mwaka jana, kila nikikanyaga breki husikika "kong!" chini ya miguu yetu. Aliyeusikia kwanza ni mama watoto. Nikamwambia ni jeki inagonga huko nyuma.

"Jeki niliitoa jana, sheikh."

Siku tuliporudi Mombasa kutoka Malindi usukani ulitaka kwenda njia yake, na watoto wanne wamelala nyuma. Hapo niliogopa.

Gereji ya kwanza ilibadilisha shokomzoba za mbele. Fedha zikaenda, mgongo ukabaki. Ndipo nikamwendea fundi mmoja mzee. Yeye hakufungua hata nati moja: aliliweka gari pahali palipo sawa, akatia mawe magurudumuni, akaingiza mtaimbo baina ya mkono wa ekseli na chasisi, akausukuma taratibu. Chuma kikacheza mfano wa jino bovu.

"Bushi zimekwisha," akasema.

Bushi ni mpira uliobanwa baina ya vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine. Ndiyo imezayo mtikiso, na ndiyo iushikao mkono wa ekseli usiende mrama. Gari kama letu lina bushi 6 katika mikono miwili ya mbele na 8 katika mikono minne ya nyuma, mbali na zile za vyuma vya kukingama. Mama mwenye gari aweza kuchungulia kwa tochi. Vijufa vya juu juu visimtishe. Atazame mpira uliobanduka kwenye chuma, au kibomba cha kati kilichohama katikati. Lakini asiingie kamwe chini ya gari lililosimama kwa jeki pekee.

Tulizibadilisha katika gereji nyingine yenye mashine ya kusukumia. Baada ya miezi minne, "kong!" ikarudi. Mzee akatazama, akauliza, "Walizikaza gari likiwa juu?"

Naam, lilikuwa juu. Mpira wa bushi hauzunguki, hujipinda tu. Nati zikikazwa magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira hubaki umepindwa usiku na mchana, hata likiegeshwa, mpaka unapasuka. Nati hutiwa kwa mkono kwanza, gari likashushwa kwa magurudumu yake manne, likatikiswa, kisha ndipo zikakazwa. Vilevile, wakati wa kuingiza bushi hutumika maji ya sabuni, si grisi, kwani mafuta huula mpira. Na baadhi ya bushi zina mianya yenye upande wake, basi fundi atie alama kabla ya kuing'oa ile kuukuu. Huku pwani chumvi huvigandisha vibomba kwa kutu, na wako mafundi wanaouchoma mpira kwa moto ili utoke. Moshi wake ni mbaya, watoto wawekwe mbali.

Siku hizi gereji huenda mama watoto. Hukaa kwenye kibao, buibui lake amelikusanya lisiguse mafuta, na fundi akishika spana humwuliza, "Mwanangu, gari limeshuka?"