Kuandaa Maandishi kwa Uchongaji wa Leza

Mchongaji wa nakshi wa Lamu huliona kosa linapoanza, patasi ikiwa mkononi. Mashine ya leza haioni; huchoma kila inacholetewa. Ndiposa sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye kompyuta, kabla mwale haujagusa ubao.

Picha ya vitone huchongwa mstari baada ya mstari, jinsi printa inavyochapa. Vekta, yaani mistari iliyoundwa kwa hesabu, hufuatwa na mwale mwanzo hadi mwisho, na ndiyo hutumiwa kukatia. Herufi nazo hutegemea fonti. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, nyingine huchukua nafasi yake. Katika hati za Kiarabu, herufi zaweza hata kuachana na kupangika kinyume. Kwa hivyo msanii hugeuza maneno kuwa vekta kabla ya kuyatuma, akihifadhi nakala ya awali, maana yakishageuzwa hayahaririki tena kama maandishi.

Hatari zaidi ni shairi lililopigwa picha kutoka mswada mkongwe. Programu ya kufuatiza mistari yaweza kuidhania nukta kuwa vumbi, ikaifuta. Bila nukta, msomaji hajui kama ameandikiwa 'taa' au 'baa'. Hapana budi kulinganisha mchoro na mswada, nukta kwa nukta, kisha kuujaribu kwenye kipande cha ubao wa aina ileile.

Herufi za Kirumi nazo zina udhia wao: zikikatwa hadi kutoboa ubao, matumbo ya 'O' na 'A' huanguka, isipokuwa yameachiwa vidaraja vyembamba.